Kitabu Kisicho na Kipigo

Dada yangu mkubwa aliletwa kwangu, mtaa wa mabanda wa Soweto West, na mtu wa bodaboda, asubuhi, nikiwa nashona kola za sare za shule. Sikumtambua mara moja. Alikuwa ameufunga uso kwa lesso, fundo likiwa utosini, na kwa mkono mmoja alishikilia kidevu kana kwamba akikiachilia kitaanguka. Damu ilikuwa imemkauka shingoni.

"Hawezi kuongea," mtu wa bodaboda aliniambia. "Ameniandikia kwa simu nimlete kwa fundi wa nguo karibu na reli. Nimeuliza mpaka nikafika." Kisha akageuza pikipiki akaondoka, wala hakungoja nauli.

Dada yangu alikuwa ameolewa Kawangware, katika boma la watu waliomiliki ardhi pale tangu enzi za mashamba. Mumewe ndiye aliyesimamia ploti ya mama yake, safu mbili za vyumba vya mabati na bomba moja la maji katikati. Sisi ni watu wa magharibi. Dada aliingia ploti ile kama mpangaji anayefua nguo za watu, akatoka upande wa vyumba vya kupangisha akahamia nyumba ya mawe ya mwenye ploti. Kwetu nyumbani walisema amebahatika.

Siku ile alikuwa kwenye bomba. Mpangaji mmoja alimsimulia kisa cha kuchekesha, naye akacheka. Mumewe alikuwa getini. Alichomoa chuma cha kufungia geti akaja nacho, akampiga upande wa uso mbele ya watu waliopanga ndoo zao. Pigo la kwanza lilivunja taya. La pili lilimkuta akiwa tayari chini. Hakuna aliyeingilia, kwa sababu wote pale walikuwa wapangaji wake. Mambo haya niliyajua baadaye, kidogo kidogo, kutoka kwa mwanamke aliyekuwa kwenye foleni. Siku ile niliona tu uso ambao ulikuwa umegeuka umbo, na jicho moja lililonitazama.

Hospitalini walimfunga meno. Daktari alikuwa msichana mdogo mwenye macho ya kukosa usingizi. Alipitisha waya mwembamba kwenye meno ya juu na ya chini, akausokota polepole mpaka kinywa kikafungika kabisa. Mfupa ungeshika ukiwa umetulia, alisema. Dada angekula kwa mrija, uji na maziwa na supu iliyochujwa, mpaka waya utolewe. Kabla hatujaondoka alinivuta kando akanionyesha nyaya za wima, zile zilizounganisha juu na chini.

"Akitapika, mdomo hautafunguka," alisema. "Atapaliwa afe ukimwangalia. Weka koleo la kukatia waya karibu yake kila wakati. Mambo yakifika hapo, kata hizi za wima. Usiogope."

Mume wangu ni fundi wa mawe, na wakati huo alikuwa na kazi ya kujenga upande wa Riruta. Alitoa koleo kwenye mfuko wake wa vifaa, akalisafisha kwa mafuta ya taa, akalitundika kwenye msumari juu ya kitanda. Kisha akachukua blanketi moja akahamia kwa ndugu yake ili dada apate kitanda. Chumba chetu ni kimoja. Kilikuwa na kitanda, cherehani, meza na nguo za wateja zilizoning'inia kila mahali.

Nataka niseme ukweli kuhusu siku zile za kwanza. Sikuwa na huzuni. Nilikuwa na hamu ya kuua. Nilikuwa nikikata kitambaa, na mkasi ukipita, naona shingo ya shemeji. Nikiwasha stovu, nafikiria nyumba yake ya mawe na pazia zake. Mume wangu naye alikuwa hivyo hivyo. Alikuja jioni kutoka kazini, akaketi mlangoni bila kuvua viatu, nyundo yake ya mawe mapajani, akimtazama dada, na hakuna aliyemuuliza anawaza nini. Majirani walipita wakaacha maziwa, na kila mmoja alikuwa na wazo lake la namna yule mtu angefanyiwa. Mama wa samaki, anayekaanga upande wa pili wa mtaro, alisema yeye angemmwagia mafuta ya moto, na alisema kwa utulivu, akigeuza samaki. Dada alikuwa amelala katikati ya maneno hayo yote, hawezi kufungua mdomo.

Nilianza kumsomea ili nisikie sauti nyingine chumbani isiyokuwa ya mtu anayepanga kulipiza kisasi.

Mimi husoma riwaya. Niliacha shule kabla ya kumaliza, lakini kusoma sikuacha. Chini ya cherehani nilikuwa na katoni ya vitabu, vingine bila majalada, vya kununua barabarani. Nilichukua kimoja kinene cha Kiswahili ambacho nilikikumbuka kuwa cha kuchekesha, nikavuta kigoda karibu na kitanda. Ukurasa wa tatu, mume analetewa ugali ulioungua, anamzaba mkewe kofi, sahani inaruka dirishani na kumwangukia mwalimu mkuu kichwani. Nilikuwa nimecheka sana mahali hapo miaka iliyopita. Safari hii nilisoma mpaka nikafika kwenye kofi, na nikasikia kitanda kikilia. Dada alikuwa amegeukia ukutani.

Kisha akaongea. Unaweza kuongea ukiwa umefungwa meno, lakini maneno hutoka yamebanwa, kama mimi ninapozungumza nikiwa nimeshika pini midomoni.

"Tafuta ingine," alisema. "Ile haina mtu anapigwa."

Nilidhani ni jambo rahisi. Niliingiza mikono katonini. Kitabu cha kwanza kilikuwa cha mapenzi, lakini katikati baba anamchapa binti kwa sababu ya mapenzi hayo. Kingine kilikuwa cha polisi. Kingine kilikuwa cha dini, na humo mtu alipigwa zaidi ya wote. Nilisoma kwa kuruka kurasa, nikitafuta neno kofi, neno fimbo, neno ngumi, na kila nilipofungua nililiona mojawapo. Nilikuwa nimeishi na vitabu hivyo miaka mingi bila kutambua.

Basi siku ya pili nilienda Kawangware. Nilihitaji vifungo na zipu, na muuzaji wangu wa vitabu yuko kule, anatandaza turubai kando ya barabara karibu na soko, vitabu upande mmoja na kava za simu upande wa pili. Nilipita mbali na ploti ile. Hata hivyo nilimwona shemeji. Alikuwa amesimama nje ya kinyozi, shati jeupe, anaongea na watu, anakula mahindi ya kuchoma. Sijui nilitarajia awe vipi. Nilisimama nyuma ya kibanda cha nyanya mpaka akamaliza mahindi akaingia ndani.

"Sasa, mama," muuzaji wa vitabu alinisalimu. "Leo unataka gani?"

"Nataka riwaya ambayo ndani yake hakuna mtu anapigwa."

Alicheka, kisha akaona uso wangu. "Ya mtoto?"

"Ya dada yangu. Amevunjwa taya."

Hakuuliza zaidi. Alichuchumaa akaanza kupekua, na mimi nikachuchumaa upande wa pili wa turubai. Alikuwa mtu wa hasira za karibu, nimemsikia mara nyingi akitukanana na wateja, lakini siku hiyo alipekua kwa subira. Alishika kimoja, akasoma nyuma, akakirudisha. "Hii ni vita." Akashika kingine. "Hii najua, jamaa anapiga bibi yake mwisho." Alifika mpaka kwenye vitabu vya picha vya watoto wadogo, akafungua kimoja akanionyesha. Paka alikuwa anapigwa kwa ufagio. Tulitazamana.

"Hii dunia," alisema, akakirusha kando.

Mwishowe alivuta kitabu cha Kiingereza kutoka chini kabisa, kimekatika jalada la mbele, jina la mwandishi likiwa limeenda nalo. "Hii mwalimu mmoja aliniletea. Alisema ni ya watu wazee, hakuna kitu inafanyika. Wanakunywa supu tu."

Ndivyo kitabu cha supu kilivyoingia kwangu.

Kilikuwa kinahusu mzee aliyestaafu kazi ya reli katika nchi ya baridi. Stesheni aliyoifanyia kazi ilikuwa imefungwa, treni hazisimami tena. Yeye alipata ufunguo, akafagia chumba cha kungojea, akaweka jiko, akaanza kupika supu kila asubuhi. Mwanzoni hakuna aliyekuja. Kisha akaja mjane mmoja, kwa sababu ya mvua tu. Kisha ndugu wawili wanaume waliokuwa hawasemezani tangu baba yao afariki, kila mmoja akiketi kwenye benchi lake na bakuli lake. Kisha mwanamke mpishi ambaye hakutaka kusema ametoka wapi. Kurasa nyingi zilikuwa za namna ya kukata vitunguu na kungoja maji yachemke.

Nilikisoma kwa kukigeuza Kiswahili papo hapo, nikikwama kwenye majina ya mboga nisizozijua, nikiweka sukuma wiki na terere badala yake. Dada alisikiliza macho yamefumba. Mrija ulikuwa mdomoni, uji wake umepoa mkononi.

"Rudia hapo kwa supu," alisema siku ya kwanza.

Nikarudia. Mzee alitia mifupa, akatia karoti, akafunika, akasubiri. Nilisoma hiyo sehemu mara nyingi katika wiki zile hata nikaweza kuisema bila kutazama. Mume wangu alianza kufika mapema kutoka Riruta. Aliketi mlangoni kama kawaida, ila sasa nyundo ilibaki mfukoni. Jioni moja alinikuta nikipanga nguo, kitabu kimefungwa, akauliza kama mtu anayeulizia hali ya hewa:

"Wale ndugu wawili wameongea?"

"Bado."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaenda kunawa.

Kisha yakaja maandamano. Sitaeleza yalihusu nini, kila mtu anajua, na kila mwaka yanapokuja yanafanana. Asubuhi barabara kubwa ilikuwa imefungwa kwa matairi yanayowaka. Kufika adhuhuri, vijana walikuwa wanakimbia kwenye vichochoro vyetu wakiwa na mawe, na nyuma yao milio ya bunduki, mingine ya gesi ya machozi, mingine sijui ya nini. Nilifunga mlango nikaweka cherehani nyuma yake. Jiwe lilianguka juu ya mabati. Likaanguka jingine. Dada aliketi kitandani akashika ukingo wa godoro.

"Soma," alisema.

Nilisoma. Ilikuwa sehemu ambayo theluji imeziba njia na watu wote wamelala stesheni, wanagawana blanketi. Nilisoma kwa sauti ya juu ili ishinde kelele, na nje mtu alikuwa anapiga mayowe jina la mtoto wake, tena na tena, na mbele kidogo mabati ya nyumba ya mtu yalikuwa yanang'olewa. Nikawa nasoma kuhusu blanketi. Nilijiona mjinga, lakini dada alikuwa ananitazama mdomoni, basi nikaendelea.

Mkebe wa gesi ulianguka kwenye mtaro wetu. Chumba cha mabati hakina mahali pa kuzuia moshi. Uliingia chini ya mlango, ukaingia kwenye pembe za paa, na mara hiyo macho yangu yakawa moto. Nililowesha vitambaa kwenye ndoo, nikamfunika dada uso, nikajifunika wangu. Alianza kukohoa. Kukohoa ukiwa umefungwa meno ni jambo baya kulitazama, kifua kinaruka lakini hewa haina pa kutokea. Kisha tumbo lake likajikunja, nikajua ni nini kinachokuja.

Nilipapasa ukutani nikapata koleo. Sikuona vizuri. Nilimlaza kwa ubavu, nikampandia na goti langu begani ili asijirushe, nikaivuta midomo yake kwa vidole. Uji ulikuwa umeshatokea puani. Alikuwa ananipiga mikono bila kujua kwamba ananipiga mimi. Niliingiza ncha ya koleo, nikatafuta waya wa kwanza wa wima, nikabana. Ulikatika. Wa pili uliteleza nikakata ufizi, nikaona damu, nikabana tena. Sikumbuki ngapi. Nakumbuka sauti yake, tik, kama uzi mgumu unapokatika kwenye cherehani, na nakumbuka nilikuwa namtukana matusi ambayo mama yetu hangeamini nayajua. Wa mwisho ulipoachia, niliipanua taya yake iliyovunjika kwa mikono yangu miwili, na alitapika kwenye nguo za shule za watoto wa watu, kisha akavuta pumzi.

Alilia kwa maumivu mpaka jioni. Mimi nililala sakafuni kando yake nikishika kifundo cha mguu wake. Hatukuweza kwenda hospitalini mpaka siku iliyofuata, barabara zilipofunguliwa. Yule daktari alitazama, akasema nimefanya sawa, na akasema mfupa umehama. Kuurudisha kungetaka upasuaji. Dada alikataa. Alikuwa ameshachoka na watu kumshika uso. Taya yake ilipona ikiwa imeelekea kushoto, na ndivyo ilivyo mpaka leo.

Tuliendelea na kitabu. Sasa aliweza kufungua mdomo kidogo na kula viazi vilivyopondwa. Tulifika mahali ambapo yule mpishi anamweleza mzee alikotoka. Niliona kwa mbali neno nililolijua, nikanyamaza, nikapitisha macho haraka, nikaruka mpaka aya iliyofuata.

"Umeruka," dada alisema.

"Sijaruka."

"Macho yako imetembea na mdomo umenyamaza. Nini iko hapo?"

Nilimwambia. Mpishi alikuwa ameolewa na mtu aliyempiga. Ilikuwa nusu ukurasa tu, na mwandishi hakueleza sana. Nilifikiri atageukia ukuta tena. Akasema nisome. Nikasoma. Mwanamke aliamka asubuhi mume akiwa kazini, akachukua mkoba mmoja, akapanda basi la kwanza, akashuka aliposikia harufu ya supu.

"Halafu?"

"Halafu ndio akakaa hapo."

"Hakuna mtu alimfuata?"

Niligeuza kurasa za mbele. "Hapana. Mume hatajwi tena."

Dada aliwaza. "Hapo wamedanganya," alisema. Lakini hakusema kwa hasira. Akaomba nisome tena jinsi alivyoshuka kwenye basi.

Shemeji alikuja Jumapili, baada ya kanisa. Nilikuwa napiga pasi nje ya mlango, dada ameketi kwenye kigoda juani. Alipita kwenye kichochoro akiwa amevaa suti, anaruka mtaro kwa uangalifu asichafue viatu, mkononi mfuko wa unga, sukari, na kilo mbili za nyama. Nyama, kwa mwanamke asiyeweza kutafuna.

"Shemeji, habari ya siku nyingi," aliniambia. Sauti yake ilikuwa ya adabu. Kisha akamgeukia dada. "Mama anakuuliza. Wapangaji wanakuuliza. Ile mambo tuliongea na wazee, imeisha. Twende nyumbani."

"Siendi," dada alisema.

"Usiniaibishe mbele ya watu."

"Siendi."

Aliweka mfuko chini, taratibu, akamshika dada kifundo cha mkono akamvuta. Dada alishika mlango. Akamvuta kwa nguvu zaidi, kigoda kikaanguka, na mkono wake wa pili ukainuka. Nilikuwa nimeshika pasi ya makaa. Nilimpiga nayo begani, kifuniko kikafunguka, makaa yakamwagika kwenye suti. Alipiga kelele, akaniachia kofi lililonitupa kwenye ukuta, na nikasikia mama wa samaki akiita kutoka ng'ambo ya mtaro, sauti yake ikipita juu ya mabati yote:

"Mwizi! Anaiba mtoto wa mtu! Mwizi!"

Mtu aliyeishi mitaa yetu anajua neno hilo hufanya nini. Milango ilifunguka yote kwa pamoja. Watu waliotoka hawakuuliza. Jiwe la kwanza lilimpata mgongoni, la pili nyuma ya kichwa, akaanguka kwenye mtaro, kwenye maji meusi, suti na yote. Mtu alimkanyaga mkono na nikausikia mfupa. Kulikuwa na mbao yenye msumari. Kulikuwa na wanawake ninaowashonea nguo, nyuso zao sikuzijua. Mtu akasema leteni tairi, na tairi likaonekana likibingirishwa kutoka upande wa reli. Shemeji alikuwa anaita mama yake kwa Kikuyu.

Na mimi nilifurahi. Shavu langu lilikuwa moto, nilikuwa nimesimama dhidi ya ukuta, na nilifurahi kila jiwe lilipotua.

Ni dada aliyeshuka mtaroni. Alitembea katikati ya watu, jiwe moja likamgonga pajani, akafika, akaketi ndani ya maji kando yake. Aliketi tu, kama mtu anayeketi kufua, magoti yamekunjwa. Waliokuwa wameinua mikono walikwama.

"Toka hapo, mama," kijana mmoja alisema.

"Sitoki."

Mume wangu alikuwa amefika mbio kutoka kwa ndugu yake. Alikuwa na nyundo mkononi. Alisimama juu ya mtaro akihema, na dada akamtazama yeye, si ule umati.

"Mkimuua hapa, mimi ndio nitabaki nikimwona," alisema. Maneno yalitoka kombo kwa sababu ya taya, ikabidi watu wanyamaze ili wasikie. "Kila siku nikipita hapa. Sitaki. Mpelekeni polisi. Nataka asimame mahali aulizwe, na mimi nikiwa hapo nimeketi kwa kiti, nikisikia akijibu."

Mama wa samaki alisema huyo hastahili kuulizwa. Dada aliendelea kumtazama mume wangu. Mume wangu aliangalia nyundo, akanipa niishike, akashuka kwenye maji, akamwinua yule mtu ambaye kwa wiki nyingi alikuwa amepanga kumvunja mifupa. Alimbeba mgongoni mpaka kwa wazee wa mtaa ili wamkabidhi kwa polisi, damu ikimtiririkia kwenye shati, na vijana wawili wakatembea kando yake ili tairi lisimfuate. Jioni alinawa mara nyingi. Hakutaka kula. Aliniomba nisome, popote, na nilipofungua ilikuwa ni mahali ambapo mdogo wa wale ndugu wawili anamwambia mkubwa ampitishie chumvi. Ndilo neno lao la kwanza. Mume wangu alitoka nje akasimama gizani kwa muda.

Kesi ilikwenda kwa mwendo wa kesi. Iliahirishwa, ikaahirishwa tena, faili likapotea likaonekana. Yule mwanamke wa kwenye foleni ya maji alikuja kutoa ushahidi, ingawa alijua atatakiwa kuhama ploti, na kweli alihama. Shemeji alisimama, mkono wake haunyooki tena, akaulizwa, akajibu. Dada aliketi kwenye kiti akasikiliza yote. Shemeji alifungwa.

Nje ya mahakama mama mkwe alitufuata. Ni mama mzee, mfupi, kitambaa kichwani, mwenye ardhi nyingi na viatu vya mpira. Nilijiandaa kwa matusi. Alisimama mbele ya dada akatazama taya yake muda mrefu.

"Mimi nilivunjwa mkono na baba yake," alisema. "Katika nyumba hiyo hiyo. Nikakaa."

"Najua, mama," dada alisema. "Niliona unavyobeba ndoo."

Mama mkwe alitikisa kichwa, akashuka ngazi polepole akishikilia ukuta.

Siku hizi dada ana chumba Riruta Satellite, na mbele yake kibanda cha chapati na maharagwe, ambayo wateja huyaita madondo. Hakuolewa tena na hasemi ataolewa. Mlango wake una kufuli mbili. Mtu akiinua sauti karibu naye, hata kwa furaha, yeye huweka mkono usoni kwanza. Vitabu havikuondoa hilo, na sitamdanganya mtu kwamba viliondoa.

Lakini anasoma. Alikuwa amefika darasa la sita tu, na mwanzoni alifuata mistari kwa kidole, midomo ikitembea. Muuzaji wa Kawangware humwekea kando vile vya mapishi na bustani na wazee wanaooana uzeeni. Dada akipata kipya husoma ukurasa wa mwisho kwanza, ahakikishe wote wamefika salama, ndipo arudi mwanzo.

Nilimtania mwezi uliopita. Nilikuwa nimempelekea aproni niliyomshonea, nikamkuta amezama kwenye kitabu cha mwanamke anayefungua kitalu cha maua, na kila mtu mtaani anapona kitu. Nikamwambia maisha hayako hivyo.

"Maisha naijua," alisema bila kuinua macho. "Sisomi ndio nionyeshwe maisha."

Mjenzi mmoja aliinama kwenye kibanda, vumbi la saruji kwenye nywele. "Mathe, chapati mbili na madondo."

Dada aliinua kidole kimoja. Alikuwa na mistari michache kufika mwisho wa sura. Yule mjenzi akanitazama, nikamwonyesha benchi, akaketi akangoja.